DS, Ro 80, Chrysler ya tabo au 2CV: ukilazimishwa kuishi na moja Malindi ungechukua ipi?

SpeaZaZamani

Assalam aleikum jamaa. Naona humu siku hizi ni Probox na Fielder tu, mtu akifungua mada ni giaboksi ya CVT imekufa au taa ya injini imewaka. Nimechoka. Leo naleta mchezo.

Unapewa gari moja bure kabisa, ila uishi nayo miaka 5 hapa hapa Malindi, si Nairobi. Yaani upepo wa chumvi usiku na mchana, mchanga wa Silversands, matuta kila mtaa, na mara moja moja uipeleke mpaka Mokowe kwa njia ya Garsen na Witu ukapande boti. Fundi ni hawa hawa wa kwetu. Kontena la spea kutoka Ulaya marufuku, mfuko wa mkononi kwa mtu anayekuja na ndege sawa.

Za kuchagua: Citroën DS, Mfaransa, ile iliyotoka 1955 Paris ikaenda mpaka 1975, inainuka na kushuka yenyewe. NSU Ro 80, Mjerumani, 1967, injini ya Wankel haina pistoni hata moja. Chrysler ya tabo, Mmarekani, 1963, hiyo tabo ni tabini (turbine), si tabochaja, yaani injini yake ni jamaa ya injini ya ndege. Na Citroën 2CV ya 1948, hiyo nimeiweka maana kuna mtu humu namjua atalia nisipoiweka. Mwenye yake ya pembeni alete, hata ya maonyesho ambayo haikuuzwa kamwe, mradi tu ilitembea barabarani.

Mimi nianze: DS na sitaki mjadala. Badala ya springi kila gurudumu lina tufe la gesi na mafuta, kuna mkono karibu na dereva wa kuchagua gari ikae juu kiasi gani, tuta likija unainua, ukishapita unashusha. Ukipata pancha unainua gari nzima, unaweka kigingi chake ubavuni, halafu unaiamuru ishuke, upande ule hauwezi kushuka kwa hivyo gurudumu linajivuta juu lenyewe. Jeki ya nini? Na De Gaulle, rais wa Ufaransa, alipomiminiwa risasi pale Petit-Clamart mwaka 1962 mipira ilitobolewa na gari ikazidi kwenda tu. Haya leteni zenu.

MafutaYaKijani

Spea, DS ya mwaka gani? Hilo hujasema na pwani hii ndilo litakalokumaliza.

Za mwanzo zilitumia mafuta mekundu, LHS, na yale yana tabia ya kunywa maji kutoka hewani. Sasa hewa ya Malindi unaijua, mwezi wa tano hata nguo hazikauki. Paipu zinaoza kwa ndani wewe unang'arisha tu nje. Na ujue mfumo ule ule mmoja ndio unaobeba gari, ndio unaofunga breki, ndio unaolainisha usukani, na kwa DS kamili hata klachi na gia. Pampu ikichoka huna gari, una kochi la Kifaransa barazani. Kuanzia kama 1967 hivi wakahamia mafuta ya kijani, LHM, hayo hayanywi maji na chuma kinapona. Kwa hivyo mtu akiniambia DS mimi namuuliza rangi kwanza ndio nimuulize bei. Na usije ukachanganya ati kwa vile dukani yamebaki ya kijani, sili za nyekundu na sili za kijani si raba moja, ukiyamimina pasipo pake zinaharibika zote.

Bodi wala si mbaya vile watu wanavyodhani. Paa ni faibaglasi, boneti alumini, milango na mabawa yanafunguka kwa bolti, lile bawa la nyuma ni bolti moja tu unalibeba mkononi. Kutu iko chini, kwenye boksi za ubavuni ambazo ndizo zinazobeba gari yote, hapo utajuana vizuri na fundi wa kulehemu.

Mimi ningechukua ID, mdogo wake wa bei nafuu, klachi ya mguu na gia za mkono. Umepunguza vitu viwili vya kukuliza na raha ya kuelea iko pale pale.

KijanaWaKisumuNdogo

Ro 80 kwangu. Siku ya pili natoa hiyo Wankel naweka injini ya Toyota. Mchezo umekwisha 😂

SpeaZaZamani

Huo ni wizi wa mtihani.

KijanaWaKisumuNdogo

Wizi vipi na wazungu wenyewe walifanya? Wankel zao zilipokuwa zikifa wakatoa wakatia V4 ya Ford, ni fupi inaingia pale bila kelele. Mimi natia ya Toyota maana ndiyo iliyojaa pale kwa watu wa vyuma chakavu.

MwalimuBarani

Kijana, ukitoa ile injini umebaki na nini? Hebu nieleze kidogo kwa wale ambao hawajaiona.

Wankel ndani yake kuna rota ya pembe tatu inazunguka ndani ya chumba kilichobanwa kiunoni, kila pembe ina sili inayosugua ukuta. Hakuna kitu kinachopanda na kushuka, ndio maana inalia kwa ulaini mpaka dereva anapitisha mizunguko bila kujua. Shida ni zile sili. NSU waliuza gari kabla hawajazipatia dawa, zikawa zinalika, mgandamizo unatoroka, mteja anarudi na gari, kampuni inampa injini mpya bure, anarudi tena. Kuna hadithi inapendwa sana na watu wa gari hizi kwamba wenye Ro 80 wakipishana barabarani walikuwa wanainuliana vidole kuonyeshana nimeshabadilishiwa injini ngapi. Waranti ikawala, 1969 wakaunganishwa na Auto Union chini ya Volkswagen, na gari yenyewe ikaendelea kutengenezwa mpaka 1977, jumla elfu 37 na ushei tu.

Na hii ndiyo iliyokuwa Gari ya Mwaka ya Ulaya 1968! Angalia umbo lake, kazi ya Claus Luthe, ukiiegesha kando ya saluni ya miaka ya tisini mtu hajui ipi ni babu wa ipi. Breki za diski magurudumu yote manne, gurudumu la mbele ndilo linalovuta, na pedali ya klachi haipo, ukishika tu kichwa cha gia swichi inaachia klachi yenyewe. Sasa wewe utie injini ya Toyota na giaboksi yake, umebaki na mabati mazuri.

Wanaosema Wankel ni wazo bovu nawajibu kwa Mazda. Cosmo ilitoka mwaka huo huo 1967, wakahangaika na zile zile sili, ila wao hawakukata tamaa, wakaja kushinda mbio za saa 24 za Le Mans 1991 na gari yao ya rota, 787B. Wazo lilikuwa zima, lililokosekana ni muda na pesa. Lakini kwa swali la Spea mwenyewe, hapa Malindi, kwa bei hii ya petroli, siichukui. Inakunywa kama haijui kesho, na oili inakunywa pia kwa makusudi, ndivyo ilivyoundwa.

Yule_wa_504

Chukueni Peugeot 504 mlale. Ilikuwa inaungwa hapo kiwanda cha AVA Mombasa, ikashinda Safari Rally 1975 na 1978, kila kijiji kuna mzee anaijua.

SpeaZaZamani

504 hakuna anayebishana nayo, ndio sababu sikuiweka. Tafuta kitu cha kututia wasiwasi kidogo.

TaboNgomeni

Hamjagusa Chrysler kwa sababu mnaiogopa. Sisi wa Ngomeni tumekua tukiziangalia nguzo za San Marco, kile kituo cha kurushia roketi, pale baharini. Waitaliano walirusha setilaiti kutoka pale 1967, na ile ya Uhuru ikaruka tarehe 12 Disemba 1970, sikukuu yetu wenyewe ndio jina likaja. Kwa hivyo msiniambie ati mashine kubwa haziwezi chumvi ya huku.

Chrysler walitengeneza 55 tu, 5 za majaribio na 50 wakawapa watu wa kawaida waishi nazo bila kulipa, mtu anakaa nayo kwa miezi anaendea kazini na kupeleka watoto shule halafu anaulizwa umeionaje. Watu 203 walipitia. Mngesema hiyo si gari ya majaribio ya kweli basi sijui ipi. Bodi zilishonwa kwa mkono kwa Ghia, Turin, na zile 50 zote rangi ya shaba. Injini haina radieta, haina maji ya kuchemka, plagi moja tu, vitu vinavyozunguka ni kidogo mno ukilinganisha na injini ya pistoni. Ikiwa imesimama tu pale inasubiri taa, inazunguka mara kama elfu 20 kwa dakika, ikikazana inapita elfu 44.

Na sasa sikilizeni utamu wenyewe. Inachoma chochote. Dizeli, mafuta taa, mafuta ya karanga. Rais wa Meksiko aliwekewa tekila ikatembea. Waliijaza hata marashi ya Chanel. Petroli yenye risasi ya zama zile ndiyo iliyokuwa haiifai. Nyinyi mnalia na bei ya petroli, mimi napita dukani nachukua mtungi wa mafuta taa naondoka.

MafutaYaKijani

Tabo, roketi inapita mara moja tu hairudi kuuliza spea. Wewe una miaka 5.

Tabo inavuta hewa nyingi kupita kiasi na hewa yako ina mchanga na chumvi. Vile vipanga vya tabo vinazunguka elfu 44, chembe ya mchanga ikipenya kwenye filta hiyo ni risasi. Halafu ukikanyaga mafuta inafikiria kwanza, sekunde moja au zaidi ndio inaondoka, sasa wewe ingia barabara kuu ya Lamu na lori la chumvi la Gongoni linakuja. Ati inachoma chochote, kweli, lakini inachoma kingi. Na ikiharibika? Tisa tu ndizo zilizobaki duniani, zingine Chrysler wenyewe waliziponda. Utamwomba nani spea, mwenye jumba la makumbusho?

KijanaWaKisumuNdogo

Waliziponda kwa nini na zilikuwa nzuri?

TaboNgomeni

Hadithi inayosemwa sana ni ushuru wa forodha, kwa vile bodi zilitoka Italia. Wengine wanasema ndivyo kampuni za gari zinavyofanya siku zote na gari za majaribio, hawataki gari yao ya ajabu ionekane baadaye imeegeshwa uani kwa mtu ina injini nyingine ndani. Yaani wewe ndiye waliyekuwa wakikukimbia.

KijanaWaKisumuNdogo

😂😂 nimenyamaza

DadaCasuarina

Mnaongea kama hakuna mtu anayekwenda sokoni. Ndio, mimi ndiye wa kulia, 2CV.

Bosi wa Citroën, Pierre-Jules Boulanger, aliwaagiza wahandisi wake gari ya kubeba wakulima wawili na kilo 50 za viazi, ipite kwenye shamba lililolimwa na kapu la mayai lisivunjike. Hiyo si barabara ya Marafa? Springi za mbele na za nyuma zimeunganishwa kila upande, gurudumu la mbele likigonga shimo la nyuma linapewa habari, ndio maana inayumba kama inacheza lakini mayai mazima. Ya kwanza ilikuwa na cc 375 na nguvu farasi 9, msicheke, baadaye ikafika 602. Inapozwa na hewa, radieta hakuna. Paa ni turubai unalikunja, viti unavitoa unakalia ufukweni, kila bati linafunguka kwa spana. Ilitengenezwa mpaka 1990, ya mwisho ikatoka Ureno. Dawa ya kutu ni kubadilisha, chasisi ndiyo inayokufa na ukitaka nyingine unaikunja mwenyewe kwa bati, haina siri.

Mkitaka ya ajabu zaidi, kuna 2CV Sahara. Injini 2! Moja mbele na moja nyuma, kila moja na giaboksi yake na ufunguo wake wa kuwasha na tanki lake. Walitengeneza 694 tu, hasa kwa watu wa jangwani. Nyinyi mnabishana injini ikifa njia ya Witu mtafanyaje, mimi nazungusha ufunguo wa pili narudi nyumbani.

SpeaZaZamani

Sahara imenigusa, sikuifikiria. Lakini bei yake leo hata ukipewa bure utaogopa kuiegesha nje. Na injini mbili ni kabureta mbili za kusafisha pia.

DadaCasuarina

Kabureta mbili ndogo kuliko pampu moja ya DS yako.

NdiaKuu

Salaam kutoka Amu. Sisi mjini gari ni za kuhesabu, lori letu ni punda na mizigo ni mashua, kwa hivyo mtanisamehe nikiwaangalia kwa mbali. Lakini mmeiacha gari moja ambayo ilifikiriwa hasa kwa ajili ya nchi kama zetu, tena ya mbao.

Inaitwa Africar. Mwingereza mmoja, Anthony Howarth, aliona gari zinazoletwa Afrika zimeundwa kwa lami ya kwao, akaamua kutengeneza bodi ya plaiwudi iliyonyweshwa gundi ya epoksi, ndani akatia vyuma vya Citroën ndogo kama hiyo ya dada. 1984 akatoa tatu, moja ina magurudumu sita, wakaziendesha kutoka Aktiki mpaka ikweta. Wazo ni kwamba mtu asihitaji kiwanda cha mashine za kupiga bati, ambazo bei yake inaweza kununua mji, ahitaji mbao, gundi, mabano na mtu anayejua kukata. Kampuni yake huko Lancaster ilianguka 1988 kwa mambo ya pesa. Zile tatu lakini zilifika.

Sasa niwaulize. Kwenye miaka 5 ya Spea, mnatafuta fundi wa haidroliki, fundi wa rota, fundi wa tabo. Mimi ukinipa gari ya plaiwudi navuka nayo Matondoni pale kwa waunda majahazi, au hata nisifike huko, kila ufuo una kijana anayepaka faibaglasi na rezini kwenye boti za mwendo kasi. Ubavu ukivunjika analeta kipande, anakipaka, kesho unaondoka. Na chumvi ndiyo hewa wanayoifanyia kazi tangu wazaliwe.

MafutaYaKijani

Hapo NdiaKuu umenibana. Ila tuwe wakweli, fundi wa jahazi na fundi wa epoksi si mtu mmoja. Jahazi unalitia kalafati na linakubali kunywa maji kidogo, mbao zinavimba zinajifunga. Plaiwudi ya epoksi ni kinyume, ikipata ufa mdogo maji yakaingia ndani ya tabaka inaoza na wewe huoni. Kwa hivyo si Matondoni, ni yule kijana wa boti za faibaglasi. Na pale vyuma vinaposhikana na mbao ndipo pa kuangalia kila wiki.

NdiaKuu

Hilo nakubali. Lakini huyo kijana yupo. Mwenye kujaza gesi matufe ya DS yako yuko wapi?

SpeaZaZamani

Naitrojeni iko hata kwa watu wa mipira siku hizi.

MafutaYaKijani

Si hiyo Spea. Presha ya mpira wa gari ni baa (bar) mbili na kitu, tufe linataka mara kumi ya hapo na zaidi, ile mitambo ya mipira itakuangalia tu. Utahitaji mtungi wenyewe na kiunganishi maalumu.

MwalimuBarani

Kwa vile tumefika kwenye gari zilizofikiriwa kwa ajili yetu, msisahau na iliyofikiriwa na sisi wenyewe. Nyayo Pioneer. 1986 Rais Moi aliomba Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari ya Kenya, karakana za Kenya Railways zikaingia kazini, na 1990 zikazinduliwa Kasarani, gari 5, zikapimwa zikafika kilomita 120 kwa saa. Kiwanda cha kuzitoa kwa wingi hakikupata pesa. Watu wanaicheka lakini wale walitengeneza gari kutoka karatasi nyeupe, Ford walipokuwa wanatuonyesha ile Nucleon, gari ya kuendeshwa kwa nyuklia, mwaka 1958 hawakuwa hata na gari, ilikuwa ni kisanamu kidogo cha maonyesho.

TaboNgomeni

Pioneer nakubali heshima yake ila kuishi nayo miaka 5 mwalimu? Spea zake zilikuwa zinatengenezwa moja moja.

MwalimuBarani

Na zako zinakaa makumbusho.

Yule_wa_504

Kwa Waitaliano wetu wa Malindi hakuna aliyetaja Lancia Stratos Zero? Bertone, 1970, kazi ya Marcello Gandini, kimo chake sentimita 84 tu, mlango ni kioo cha mbele unakiinua unaingia kama unaingia handakini. Wanasimulia Nuccio Bertone aliiendesha mwenyewe mpaka kiwandani kwa Lancia akapita chini ya kizuizi cha geti bila kukiinua.

DadaCasuarina

Tuta la kwanza pale Casuarina litaikata katikati.

KijanaWaKisumuNdogo

Swali la kweli sasa. Spea ulianza na kuzilaani giaboksi za CVT, ni nani aliyetuletea balaa hilo?

MafutaYaKijani

Waholanzi. DAF 600, ilionyeshwa Amsterdam 1958, wazo la Hub van Doorne, iliitwa Variomatic. Mikanda miwili ya raba kwenye puli zinazojitanua na kujibana, dereva anakanyaga tu. Ilikuwa nyepesi, rahisi kuelewa, mkanda ukikatika unaona kwa macho. Kilichokuja baadaye kwenye Fielder ni mkanda wa chuma ndani ya boksi lililofungwa, na watu wetu wanamimina oili yoyote ya giaboksi waliyoiona kwenye rafu, hapo lazima ife. Wazo halina kosa.

Na kichekesho chake, ile DAF haikuwa na gia ya nyuma ya kupunguza mwendo. Ukiweka nyuma mikanda inafanya kazi vile vile, kwa hivyo inarudi nyuma kwa kasi ile ile ya kwenda mbele. Waholanzi walikuwa na mashindano kabisa ya kurudi nyuma.

KijanaWaKisumuNdogo

Ngoja. Kasi ile ile? Nyuma?

MafutaYaKijani

Kasi ile ile.

KijanaWaKisumuNdogo

Basi nabadilisha kura, DAF. Ro 80 mpeni mwalimu na injini yake.

MwalimuBarani

Napokea. Niachie na hiyo ya Toyota pia, kando tu, kwa dharura.